Hodi ya Odera

Doonside, Sydney,
14 Juni 2015

Mkwe wangu mpendwa, Mzee Oloo,

Pokea salamu zangu na za Mama Jacky. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba mvua hazikuyaharibu mahindi yako. Sisi ni wazima, ingawa baridi ya hapa imeanza kuuma. Jacky bado anafanya kazi hospitalini, ila haongei sana.

Barua yako niliipokea. Nilifurahi kusikia kwamba mwanao mdogo amepata mtoto wa kiume. Lakini umeandika kwamba hutaki mtoto huyo aitwe Odera, kwa sababu marehemu alikufa kwa ukaidi wake, na jina la mtu wa namna hiyo halirithishwi. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi, na ndiyo maana nakuandikia.

Unajua tulivyoishi hapa. Jacky wangu na mumewe, Odera wako, walikuwa katika nyumba kubwa, nasi wazee katika kijumba cha uani, kwa maana mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Odera hakulalamika. Kila alfajiri, akitoka zamu yake ya kuhudumia wagonjwa, alisimama kwenye kokoto, mbali na mlango, akapiga hodi na kutuuliza tulivyoamka.

Agosti mwaka jana walitupeleka kwenye kile kisiwa cha mto Zambezi. Nilikwisha kukueleza habari za tembo waliovuka maji mbele yetu, mikonga juu, na ndege waliojaa mitini hata matawi yakainama. Habari za mahema sikukueleza. Tulikuwa tumetengewa hema moja kubwa la vyumba viwili, sote wanne. Nilikataa. Mwongozaji wetu alisema hema lililobaki lina kitanda kimoja chembamba, nalo liko kwenye ncha ya kisiwa. Jacky alinisihi, akasema tuko safarini. Nilimjibu kwamba heshima haiachwi uwanja wa ndege. Odera alicheka, akajitwika begi lake, akasema sasa yeye ndiye chifu wa ncha ile na viboko watamlipa kodi.

Alipokwisha kuondoka, mwongozaji aliniambia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, nimwonye kijana asitoke hemani mpaka atakapofuatwa jua likichomoza. Viboko hurudi mtoni alfajiri kwa njia inayopita pale. Niliitikia.

Jioni Odera alikuja, akasimama mbali kama kawaida yake.

“Hodi, Mzee. Nimeona nyayo kubwa kule. Naomba nilaze godoro barazani kwenu, nje tu.”

Mama mkwe wake alikuwa ndani. Nilimwambia arudi alikopangiwa, asituaibishe mbele ya wageni.

“Sawa, Mzee,” alisema, akaenda.

Kwa hasira nililisahau lile onyo. Hapana, Mkwe wangu, sikulisahau. Nililikumbuka nilipokuwa nikivua viatu, nikaona haya kumfuata mtu niliyetoka kumfukuza.

Alfajiri nilisikia hodi yake mara moja, kwa mbali, upande wa njia ile. Alikuwa anakuja kutuamkia. Sikuitikia, kwa kuwa nilikuwa bado nimenuna. Hodi ya pili haikuja.

Waongozaji walipomkuta amekufa kwenye njia ya viboko, wakauliza kwa nini alitoka, niliwaambia kwamba alionywa. Hivyo ndivyo ulivyosikia wewe, na Jacky pia.

Tangu turudi, kila alfajiri kabla ya garimoshi la kwanza, nasikia kokoto zikilia, kisha zinanyamaza mbali na mlango. Mama Jacky anasema hasikii kitu. Lakini juzi nilimkuta amepanga vikombe vitatu vya chai.

Barua hii Jacky ataisoma kabla sijaipeleka posta. Mwanao hakuwa mkaidi. Alitii. Mpe mtoto jina lake, na kama kuna jina lisilofaa kurithishwa, liwe langu.

Tusalimie wote nyumbani, na mtoto umpakate kwa niaba yetu. Kunakaribia kucha hapa, na leo mlango nimeuacha wazi.

Ni mimi mkwe wako,
Wekesa