Beji ya Nkuba

Bene, wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Leo mshindo wangu mkuu umezaa kimya kingi.

Mkaguzi wa mionzi wa serikali kaja hapa kambini Mafinga. Unaijua ile mashine yetu ya kupimia udongo wa barabara, ina mionzi ndani. Kila anayeibeba lazima avae beji inayopima mionzi inayompata.

Kasoma taarifa niliyoandika mimi. Akasema, "Dada, unaandika vizuri." Nikavimba kichwa.

Kisha akamgeukia Nkuba, kibarua wetu anayebeba mashine miaka miwili sasa. "Beji yako iko wapi?"

Nkuba akaniangalia mimi. "Dada Veneranda, beji ndiyo kitu gani?"

Beji ndiyo kitu gani, Bene. Miaka miwili.

Na nilijua. Injinia Liberatus, bosi wetu hapa, alikataa kumpa, maana beji huandikishwa kwa jina, na jina likikaa miaka miwili kwenye rejista, huyo si kibarua tena, atadai mkataba. Nami nikaandika "wabebaji wote wana beji." Kwa ufasaha kabisa.

Nilishindwa kumtazama Nkuba. Nikamwambia mkaguzi, "Taarifa hiyo ni ya uongo. Niliiandika mimi."

Sasa Liberatus anataka nimwombe radhi kwa kumwaibisha mbele ya serikali. Eti nina ulimi mrefu.

Nkuba nimeshamwomba. Kaniuliza tu kama ataumwa. Mimi huyu, nikakosa neno.

Liberatus simwombi.