Vitunda Viwili Vyeusi

Jumamosi, 11 Januari 2025
Nimeupata! Ukingoni mwa msitu, nyuma ya mianzi ya baba mkwe, hapahapa Kilolo. Mmea unaotambaa, umeparamia mti mpaka juu. Majani matatumatatu. Maua meupe — na harufu ileile ya asmini ya mama kule Iyunga! Nimeteleza kwenye tope, sijali.

Jumatatu, 13 Januari
Nimemtumia picha Adrian, aliyenifundisha botania chuoni. Sasa anatunza mimea iliyokaushwa Iringa mjini. Anasema huenda ni asmini ya msituni, huenda siyo. Maua hayatoshi. Anataka matunda yaliyoiva, ayachume mwenyewe. Asmini hii huzaa mawilimawili, meusi. Akaongeza kwamba walimu wa sekondari siku hizi wanagundua mimea kwa simu. Kha! Tutaonana.

Nimemwomba baba mkwe asikate mmea wenye maua meupe. Yeye ni mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, kamba zake anazitoa hukohuko msituni. Kakubali.

Jumapili, 2 Machi
Maua yamekwisha — vitunda kibao! Mawilimawili! Bado kijani. Nimetoka ibadani nikaenda moja kwa moja, na viatu vya kanisani.

Jumatano, 12 Machi
Vinaanza kuwa vyeusi. Ndege kuzumburu nao wamejua, wanakuja kundi zima, walafi hawa! Nimempigia Adrian. Atafika Jumamosi. Nina furaha mpaka wanafunzi wananicheka.

Ijumaa, 14 Machi
Umekatwa! Wote! Baba amefungia mbeta zake za kukingia ulanzi. Nimelia mbele ya mkwe, aibu gani hii. Yeye kashangaa kweli: “Mama Happy, si ulisema wenye maua? Ule haukuwa na ua hata moja!”

Ni kweli. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 15 Machi
Tangu alfajiri nazunguka mianzini. Mbeta baada ya mbeta, kamba tupu. Halafu ile ya mwisho — viwili! Vyeusi tii, kikonyo kimoja! Juu sana, siwezi kufikia. Kuukunja mwanzi ni kumwaga ulanzi, na ulanzi ni wa wageni wanaoleta posa ya wifi kesho.

Naandika hapahapa, daftari gotini, nisiondoke.

Baba amekuja. Kaangalia juu, kaniangalia mimi. “Niukunje, mwanangu?” Nikasema wageni je? Kasema watakunywa chai.

Pikipiki inapanda — Adrian!

Baba anakunja. Ulanzi unammwagikia kichwani, anacheka. Kuzumburu karuka kutoka kwenye kamba na kitunda mdomoni — sikumwona! — kikonyo hiki hapa mkononi mwangu, kitunda kimoja tu. Adrian anavua kofia ngumu, anauliza yako wapi hayo mawilimawili.