Nimejua Maana ya Abhor

Wangari wangu anaolewa! Haya, sasa ndiyo niwasalimu. Ni Jumatano, hapa Mwihoko kuna baridi na manyunyu, na mimi siko sawa.

Yule msichana niliyemsomesha kwa kuuza sukuma wiki leo ni nesi huko Thika. Wakwe wanaleta mahari, tena kwa magari yao. Wacha nijisifu, ni haki yangu.

Lakini juzi alinitumia ujumbe kuhusu anko yake, ndugu wa marehemu mume wangu. Wazee wamesema huyo ndiye atakalia kiti cha baba. Wangari akaandika, "Mum, I abhor him. Simpi pembe."

Kwetu Wakikuyu, pombe ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, hunywewa kwa pembe ya ng'ombe, na hainywewi mpaka msichana aonje kwanza, halafu ampe baba yake ile pembe kwa mkono wake. Asipoitoa, hakuna ndoa.

Kizungu changu kiliishia darasa la nane. Nilidhani abhor ni hasira tu za bibi harusi. Nikamuuliza jirani yangu, Mwalimu Achieng.

"Mama Wangari, hiyo si hasira. Ni vile umeuma nyama, ukaangalia, ukaona funza. Hata ukisukutua mdomo, kile kinyaa hakitoki."

Nikakaa chini.

Siku chache baada ya mazishi, huyo mtu alikuja kung'oa mabati ya nyumba yetu tukiwa ndani, mvua inanyesha. Alikuwa amevaa koti la marehemu. Wangari, mtoto mdogo, alijifunika sufuria kichwani akimtazama tu. Mimi baadaye nilisema nimesamehe. Yeye hakuwahi kusema kitu.

Sasa amesema.

Leo asubuhi nimempigia simu huyo anko, nikamwambia asije.

"Wee mwanamke, unanifukuza kwa damu yangu? Nani atapokea pembe, wewe?"

"Ndiyo, mimi."

Akacheka. Akasema ukoo wote utabaki nyumbani, wakwe wapate viti vitupu. Na anaweza, namjua.

Naogopa, siwadanganyi. Wakwe wakikosa hata mzee mmoja wa kuwapokea, wanaweza kugeuza magari, na mtoto wangu aaibike mbele ya watu. Lakini mkono wake hautagusa wa yule mtu.

Kwa hivyo nyinyi mnaosoma hapa, majirani, watu wa kanisa, hata wale hamnipendi, vaeni vizuri mje mkae upande wangu. Mahari ni Jumamosi hii.