Pete za Miguuni mwa Kemunto

Jumatatu, 1 Mei 1950

Nimesahihisha insha za darasa la nne, nimepasua kuni, nimechota maji. Wanaume wa hapa Kiogoro wananicheka nikipita na mtungi. Wacheke! Kemunto wangu anaimba jikoni, na sauti yake naisikia hata nikiandika hesabu ubaoni. Wiki saba tangu tufunge ndoa kanisani, na bado naamka nikishangaa kwamba yupo. Leo aliniita "Mwalimu" mbele ya watu, kisha akanikonyeza. Nusura nidondoshe maji.

Mama hakucheka. Alitazama miguu ya Kemunto tu. Haina ebitinge, zile pete za chuma za wake wa Kigusii, zisizotolewa mpaka mume afe au amfukuze mke. Sisi Wasabato tumeziacha. Mama anasema mke asiye nazo ni mgeni. Wazee waliokufa hawamjui.

Alhamisi, 4 Mei

Homa. Kemunto anatetemeka chini ya mablanketi mawili na koti langu la harusi. Juzi jirani kazika mtoto, homa hiyo hiyo. Nimempa kwinini. Naogopa.

Jumamosi, 6 Mei

Sabato. Sikwenda kanisani, nilimsomea Zaburi kitandani. Midomo yake imepasuka na bado ni mizuri. Mama aliingia, akatazama miguu tena.

"Nilisema. Hawamjui huyu."

Maneno hayo yamekaa nami siku nzima. Nimejaribu kuomba. Sikumaliza.

Jumatatu, 8 Mei

Nilikwenda shule kwa saa tatu tu. Niliporudi, mhunzi aliyeitwa na mama alikuwa ameshaondoka. Pete nne kila mguu, zimegongwa zikafunga. Nimemfokea mama, mara ya kwanza maishani mwangu. Nikachukua koleo.

Kemunto akanishika mkono. "Usizitoe. Ukizitoa, utakufa."

Yeye, binti wa mzee wa kanisa! Nikaweka koleo chini. Niseme kweli, kwa kuwa hakuna atakayesoma haya: nilishukuru alivyonizuia. Mimi pia niliogopa.

Alhamisi, 11 Mei

Homa imeshuka. Mama anatamba nyumba kwa nyumba. Lakini chuma kimemchubua Kemunto mguu wa kushoto. Umevimba, pete zimezama ndani ya nyama. Anasema hauumi. Anadanganya. Unanuka.

Ijumaa, 12 Mei

Tumembeba kwa machela hadi zahanati ya misheni. Dresa, mtumishi anayetibu vidonda pale, aliutazama mguu, akanitoa nje.

"Zikatwe leo. La sivyo mguu utaoza, na yeye atakwenda nao."

"Kata basi."

Akanipa tupa. "Kata wewe, mwalimu. Sindano nitampiga. Mimi ni Mgusii kama wewe. Ndoa ya mtu siikati."

Mama alikuwa amejitupa mlangoni. Alinililia kwa jina langu, kama wanavyoliliwa maiti. Ni jambo baya kusikia kilio chako mwenyewe. Watu walisimama kutazama. Hakuna aliyenikaribia.

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya zahanati. Sikusikia sauti, sikuona ishara. Nilipata kitu kidogo tu: niliweza kuishika tupa sawasawa. Nikamwambia Kemunto kwamba kama ndoa yetu imo katika chuma hiki, basi siku ile kanisani tulicheza tu.

Alifumba macho. "Haya, kata. Lakini ukifa, Mwalimu, sitakusamehe."

Nikakata. Pete nane, za miguu yote miwili. Ya mwisho ilitoka na ngozi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Jumapili, 14 Mei

Bado tupo zahanati. Dresa haahidi kitu. Mama haongei nami. Asubuhi hufika, husimama mbali, hunitazama kifua kama kinapanda na kushuka. Huacha uji wa wimbi, huondoka.

Jana, Sabato, hakuna aliyekuja kutuona. Hata watu wa kanisa. Tuliimba wawili, yeye kitandani, mimi kwenye kiti. Nampenda kupita nilivyompenda tarehe moja, na tarehe moja nilidhani nimefika mwisho.

Alhamisi, 18 Mei

Uvimbe umepungua. Mguu utabaki.

Leo mama aliingia ndani. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akagusa bandeji, akauliza kama unauma. "Unauma, mama," Kemunto akajibu. Mama akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kisha Kemunto alinishika kiganja. Akauliza mbona nina moto.

Nikamwambia kweli. Tangu jana jioni, homa. Alitazama mlango aliotokea mama. Halafu akanigeukia.

"Kwinini iko wapi?"

Nimemeza. Tumeomba, maneno machache. Amenifunulia upande wake wa blanketi.

Sijutii kuzikata.