Siku Waliyonidhania Kuwa Mashine

Jumatano, katikati ya masika.

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Mtaa mzima wa Gerezani ni tope na mafuta ya magari. Viatu vyangu nimevijaza magazeti na kuviegemeza ukutani, nami nimekaa kitandani na suruali iliyolowa mpaka magotini. Leo, mbele ya watu, imeamuliwa kwamba mimi ni mashine.

Nimecheka peke yangu nilipoiandika sentensi hiyo. Si kicheko kizuri.

Nieleze kwa utaratibu, maana kichwa kimevurugika. Shirika letu la malori lililetewa kompyuta mwaka jana. Ina chumba chake chenye kipoza hewa, wakati sisi makarani tunajipepea kwa majalada. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mizigo. Kisha akaja mtaalamu wa kigeni, kijana mpole mwenye ndevu, akasema inaweza hata kujibu barua za wananchi. Akapendekeza mtihani. Zichukuliwe barua sita, kila moja ijibiwe na mashine na ijibiwe na mtu, majibu yote yapigwe chapa kwa taipureta moja, halafu waitwe watu wa kawaida waseme lipi ni la nani. Wakishindwa kutofautisha, alisema, itabidi tujiulize kama mashine nayo haina akili ya kibinadamu.

Mtu mwenyewe ni mimi. Miaka kumi na mmoja nimekaa meza ya barua.

Meneja hana habari na mambo ya akili. Alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Ndugu Mponda, ikishinda hiyo, meza yako tunaifunga." Na asiye na kazi mjini siku hizi anajulikana anakopelekwa. Anapandishwa lori la kijijini, anakabidhiwa jembe. Nina miaka hamsini na mmoja na mgongo mbovu.

Hata hivyo sikuogopa sana. Mashine haitungi kitu. Ndugu Rehema, binti anayetoboa kadi za kuilisha kompyuta, alikaa wiki tatu na majalada yangu akizihamishia sentensi zangu kwenye kadi, moja moja, na mashine inachagua tu kulingana na aina ya malalamiko. Nilijiambia nitashindwaje na maneno yangu mwenyewe?

Waamuzi waliitwa kutoka Kariakoo: fundi cherehani, mwalimu mstaafu, na Mama Zuhura anayeniuzia vitumbua kila asubuhi. Nilipomwona Mama Zuhura nilifurahi kama mtoto. Nilijua yeye atanitambua.

Barua ya kwanza ilikuwa ya Bi Mwanahawa wa Mtaa wa Swahili. Mumewe alikuwa dereva wetu. Alikufa ajalini huko bara, akazikwa hukohuko na wenzake wa safari. Miaka miwili sasa mama huyu anauliza jambo moja tu, kaburi liko wapi. Mimi nilimjibu kama nilivyomjibu mara tatu zilizopita: "Barua yako imepokelewa. Suala lako linashughulikiwa, na utajulishwa."

Mama Zuhura alisoma kwa kidole, taratibu, kama walivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima. Alipomaliza akaigonga karatasi yangu.

"Hii ndiyo ya mashine. Mtu gani anaandikiwa na mfiwa, asimwambie hata pole?"

Ile nyingine ilianza: "Pole sana kwa yaliyokupata."

Mashine ilisema pole kwenye barua zote sita. Ilimwambia pole hata bwana mmoja wa Feri aliyeandika kushukuru kwamba magunia yake ya samaki wa ngonda yamefika salama. Hapo nikajua nimepona. Kumbe wapi! Fundi cherehani alicheka mpaka akafuta machozi. "Huyu karani alikuwa anasinzia," akasema. "Mtu huyu. Mashine haiwezi kuchemsha namna hii."

Barua sita kati ya sita. Zangu zote ni za mashine.

Mtaalamu alikuwa anaandika kwenye daftari lake kwa furaha. Akasema mtihani mmoja hautoshi, turudie kesho saa mbili asubuhi kwa barua mpya. Meneja hakunitazama.

Nilimfuata Rehema kwenye chumba chake cha baridi. Nilitaka kujua hiyo pole imetoka wapi, maana mimi sijaiandika hata siku moja. Mkuu wangu wa kwanza aliifuta kwa wino mwekundu kwenye barua yangu ya kwanza kabisa. Alisema ofisi haitoi pole, ukitoa pole umekubali kosa. Sikuirudia tena. Rehema akaniamkia shikamoo, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mzee. Kila barua niliona haipo. Nikadhani ulisahau, nikaiongeza."

Nikadhani ulisahau.

Nilirudi nyumbani saa kumi nikakaa kufanya mazoezi ya kesho. Niliandika "Pole sana", nikaona namwigiza mpinzani wangu. Nikachana. Nikaandika "Nimesikitika", nikajiuliza kama kweli nimesikitika, nikachana na hiyo. Karatasi saba. Hapo ndipo hofu iliponiingia, na ninaikiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Si hofu ya jembe. Niliogopa kwamba wale watu watatu wamesema kweli.

Nikavaa viatu nikatoka na mvua yake kwenda Mtaa wa Swahili. Anwani ya Bi Mwanahawa naijua kwa moyo, nimeipiga chapa mara ngapi.

Nikapiga hodi. Alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele kwenye ungo, mama mnene wa umri kama wangu. Nikajitambulisha kwamba mimi ndiye karani wa shirika. Akaniambia karibu. Nikafungua mdomo nimwambie pole, nikajisikia nikisema: "Barua yako imepokelewa."

Naapa ndivyo nilivyosema.

Aliitazama suruali yangu inavyochuruzika. "Pole na mvua, baba," akasema, akanisogezea kigoda. Hakufikiri hata kidogo. Ilimtoka tu, kwa mgeni asiyemjua.

Nililia, mtu mzima na mvi zangu. Nikamweleza yote, mashine, mtihani, Mama Zuhura, na kesho saa mbili. Kisha nikamwambia alichokuwa anauliza. Mumewe amezikwa Manyoni, kwenye makaburi yaliyo nyuma ya soko, na wenzake waliandika jina lake kwa rangi nyeupe kwenye kipande cha bati. Habari hiyo imo jaladani, imegongwa mhuri wa siri mpaka uchunguzi wa ajali ufungwe. Haujafungwa. Kila nilipomwandikia niliipita karatasi hiyo kwa kidole ili nifike kwenye karatasi tupu.

Vidole vyake vilibaki kwenye mchele.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

"Toka barua ya kwanza?"

Nikasema ndiyo.

Akaokota jiwe kwenye ungo akalitupa uani. Hakupandisha sauti. Laiti angenifukuza.

"Bora ningejibiwa na hiyo mashine," akasema. "Yenyewe ingekuwa haijui."

Nimerudi. Nimekaa hapa tangu saa moja. Kesho wataniwekea barua sita nyingine mezani ili niwathibitishie kwamba mimi ni mtu, na mimi sijui kama ninataka wanitambue.