Kitabu Chako cha Jua Nimekijaribu

Mjukuu wangu Kwanini,

Salamu kwanza, maana hata anayekuja kugomba hupiga hodi. U mzima? Unakula? Usinijibu "nakula, bibi" kama ulivyozoea, kwa sababu kwenye ile picha uliyotuma shingo yako imekuwa kama ya kuku anayeatamia. Mimi sijambo. Goti linanisema asubuhi, nalijibu, tunaendelea. Wifi yangu Kengele naye hajambo, na sauti yake ndiyo ileile. Marehemu babu yako alikuwa akisema dada yake akinong'ona, majirani hufunga madirisha. Tangu afiwe na mumewe yuko hapa kwangu, chumba cha mbele, na hakuna siku tumekosa la kubishania. Baba yako anauza vitambaa vyake, ni mzima. Habari zake zitakuja, subiri.

Mzigo wako umefika wote: paneli, betri, kile kisanduku unachokiita kontrola, nyaya, balbu, na kitabu chako ambacho bado ni karatasi zilizobanwa pini. Na maneno yako nimeyasoma. Umesema mchapaji anangoja neno langu tu. Bibi yako aliyeishia darasa la tatu akiweza kufunga umeme wa jua nyumbani kwake kwa kusoma kitabu hicho, bila kumwita fundi, basi kitamfaa yeyote. Akishindwa, unakichana na kurudi kukaa dukani kwa baba yako. Nilipofika hapo nilivua miwani. Mtoto, nani alikufundisha kumtwika mtu mzima mzigo wa namna hiyo?

Haya, umetaka nipime, nimepima. Kwanza nikuseme.

Maandishi ni madogo kama unayaficha. Ukurasa wa kwanza mzima unasifia jua na faida zake, toa. Aliyekwisha kununua paneli habembelezwi tena, anataka kujua ashike wapi. Kisha unaniambia "ncha chanya" na "ncha hasi" kana kwamba nimezaliwa nazo, halafu mbele kabisa ndipo unasema nyekundu na nyeusi. Anza na rangi. Rangi kila mtu anaijua. Na yule mwanamume uliyemchora juu ya bati, mwenye suruali ya mifuko kila mahali, mchoree na mwenzake aliyevaa gauni, kwa sababu mimi gauni sikulivua.

Lakini pale ulipoandika kwamba betri ni pipa, nyaya ni mabomba, na kontrola ni mtu anayekaa kwenye koki ili pipa lisifurike wala lisikauke, hapo niliiweka miwani sawa. Nilirudia kusoma. Nikamwita Kengele nikamsomea kwa sauti. Akasema kumbe umeme ni maji yasiyolowesha, mbona tumezeeka bila mtu kutuambia. Na tena, kila unaposema fanya hivi, unasema ni kwa nini. Tuanze na betri, paneli iwe mwisho, kwa nini. Fyuzi ikae karibu na betri, kwa nini. Jina hilo tulikupa kwa kuchoshwa na maswali yako, kumbe majibu ulikuwa unayawekea akiba.

Umeandika kwamba kazi ya ngazi haifanywi na mtu mmoja. Basi Kengele akashika ngazi, mimi nikapanda kwenye lile paa fupi la stoo. Akaniambia nikianguka atanizika pamoja na ngazi, kwa sababu ameiazima na hataki kesi na mwenyewe. Nikamwambia mdomo wake ukiungwa waya tutawasha mtaa mzima na akiba ibaki. Tulibishana juu ya kivuli cha tangi la maji hadi tukaamua kufuata kitabu: tukakaa kutwa uani tukikitazama kivuli kinavyotembea, kama watu wanaomlinda mwizi. Kengele ndiye aliyekuwa sahihi. Nimekuandikia hilo wewe tu; yeye sijamwambia. Paneli ikakaa upande wa nyuma wa paa, ambako kivuli hakifiki na aliye uani haioni.

Tulifuata kila neno. Ulisema paneli ifunikwe kwa kitu kizito wakati wa kuunga nyaya, kwa sababu ikiona jua tu inaanza kufanya kazi na haingoji ruhusa. Nikaifunika kwa blanketi. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, waya mmoja akiunga Kengele. Nilikaza skrubu kwa mkono huuhuu uliokaza vishikizo vya sare za shule maisha yangu yote. Betri ulisema itafika tupu na inahitaji kushiba jua la kutwa nzima. Tukaiachia kutwa nzima. Kesho yake tukaingia chumba cha kati, kile kisicho na dirisha, ambamo cherehani yangu imekaa muda wote huo na mimi nikishona kwa kupapasa. Nikabonyeza swichi. Giza. Nikabonyeza tena. Giza lilelile, halikujali.

Kosa ni lako. Hukuandika mahali popote kwamba kazi ikiisha blanketi liondolewe. Mtu wa darasa la tatu ukimwambia funika, anafunika. Usipomwambia funua, atangoja hadi kiama. Baadaye nikalikumbuka mwenyewe, nikapanda nikalitoa, tukaliachia jua kutwa nyingine.

Sasa ngoja nikusimulie kilichotokea, ingawa sijui kama nitaweza.

Ilikuwa mchana bado. Nje jua kali, ndani ya chumba cha kati weusi wa siku zote. Kengele alisimama mlangoni akisema ikikataa tena tuigeuze paneli meza ya kukatia vitunguu. Nikabonyeza. Mjukuu wangu, chumba kikaja. Siwezi kusema taa iliwaka, taa nimeziona. Chumba ndicho kilichokuja, kama mtu aliyekuwa nyuma ya pazia miaka yote akaamua kujitokeza. Niliona dari. Sikujua kwamba dari yangu ni ya mbao zenye mistari mizuri namna ile. Niliona nyuzi zangu zote kwenye kopo, na ile niliyoiita nyeusi ni buluu. Watoto wa shule nzima wametembea na mishono ya buluu kwenye sketi nyeusi na hakuna mzazi aliyenisema. Kengele alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Tangu nimjue, sijawahi kuliona hilo.

Nilitoka nje nikalitazama jua hadi macho yakatoa machozi. Jua hilohilo lililonibabua mgongo tangu utoto. Nimelikimbia, nimelilaani, nimelifungia milango. Kumbe siku zote lilikuwa linabisha hodi. Nikarudi ndani, nikaikuta kazi yake iko pale juu ya cherehani, imetulia, haina moshi wala kelele, haidai kitu. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaizima, nikaiwasha. Kengele akaniambia nitaimaliza.

Na kilichonigusa si taa peke yake. Ni kwamba hakuna fundi aliyekanyaga hapa. Maneno ya mtoto niliyempangusa kamasi yalisafiri kwenye karatasi yakanishika mikono, hiki hapa, kile pale, taratibu bibi, mpaka jua likaingia nyumbani. Sijui kitu hicho kinaitwaje. Kama kuna neno lake, walilifundisha baada ya darasa la tatu.

Nimekaa na kalamu hapa muda mrefu. Karatasi hii siichani, imebaki moja. Kwa hiyo nitasema palepale nilipofika.

Nimekudanganya huko juu. Kitabu chako kimesema. Ukurasa unaofuata, peke yake kwenye mstari, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote: SASA FUNUA PANELI. Niliuona mstari huo nikiwa juu ya ngazi. Niliukunja ukurasa, nikaliacha blanketi pale, nikashuka.

Baba yako alikuja hapa kabla ya mzigo wako kufika. Alisema, Mama, binti atakonda na nyaya zake mpaka lini, wewe sema tu hakifai, atarudi. Nilikubali kabla hajamaliza chai. Yeye anataka mtu wa kukaa dukani. Mimi sikuwa na haja na duka lake, nilikutaka wewe. Nyumba hii ina ukimya ambao hata Kengele haujazi. Nikajiambia nitafanya kazi yote kwa haki, nifuate kila mstari isipokuwa mmoja, halafu nikuandikie kwa uso mkavu kwamba bibi yako ameshindwa. Taa ilipokataa kuwaka, mjukuu wangu, nilifurahi. Hebu lisome hilo vizuri. Nilifurahi.

Kilichoniponza ni Kengele. Nilingoja acheke, na angecheka ningemaliza mambo pale. Hakucheka. Alikaa chini kwenye giza, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo kwamba lazima ni mikono yake, ule waya aliounga yeye. Kwamba kitabu cha mtoto hakiwezi kuwa na kosa, ila yeye na ubishi wake amemharibia mtoto kazi. Akaniomba nisikuandikie kwamba ni yeye. Kengele! Mwanamke ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kukubali kosa hata la kumwaga chumvi. Nafsi ilinisuta nikakosa pa kuweka uso. Niliibeba ngazi mwenyewe, nikapanda bila mtu wa kuishika, nikalivuta blanketi. Hapo nilivunja sheria yako ya watu wawili, na hilo nalo liandikwe.

Kengele nimemwambia ukweli jana. Amenitukana vizuri, kwa mpangilio, toka asubuhi mpaka jua lilipotua, na nimenyamaza. Baba yako nitamwambia Jumapili akija. Atavimba, mwache avimbe, nilimzaa mimi, najua anavyonywea.

Hukumu yangu ni hii. Ongeza ukubwa wa maandishi, toa ukurasa wa kulisifia jua, tanguliza rangi, mchore na mwenye gauni. Mengine yote usiguse hata nukta. Kitabu kinafaa. Kinafaa kiasi kwamba mtu aliyetaka kishindwe alilazimika kukizuia kwa mikono yake. Mpelekee mchapaji kesho, na ukirudi nyumbani uje kama mgeni, ukae siku zako, uondoke.

Msalimie mama mwenye nyumba wako, mwambie akupikie kwa mafuta zaidi. Wifi yangu anakusalimu na anauliza kama kuna kitabu cha kuvuta maji kwa jua, maana anasema kushika ngazi sasa amehitimu. Nami nakubusu kipaji cha uso, hicho chenye kiburi ulichokirithi kwangu. Usijibu haraka kwamba umenisamehe. Nikasirikie kwanza, kisha uandike.

Ni mimi bibi yako, mshonaji,
niliyeandika haya chumba cha kati, mlango nimeufunga, na ninaona kila neno.