Nguo ya Zambarau Niliyoipokea kwa Mikono Miwili

Jeddah

Mama,

Natumai umeamka salama na ule mguu umeanza kukanyaga chini bila kukuuma. Na kifua cha baba mdogo je, kimetulia ama bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu si wanijua, waniuliza uko sawa, najibu niko sawa, halafu tunanyamaza mpaka laini inakatika. Hii karatasi nimekaa nayo siku tatu.

Najua anayekusomea ni Kadzo. Ni vizuri, kwa sababu jambo lenyewe ni lake. Kadzo, usiruke mstari hata mmoja.

Mama, uliniambia paspoti ya huyu dada yangu Kadzo imetoka, na mjomba anataka nimsemee kwa madam wangu aje afanye kazi za ndani kwenye nyumba hii. Wacha nikwambie nyumba ilivyo, maana zile picha nilizotuma zimewadanganya. Si kwamba ni za uongo. Bahari ni bahari, na lile bwawa la kuogelea ni bwawa. Lakini mimi sijawahi kutia hata kidole humo, nalisafisha tu na wavu. Nilipiga picha siku wenyewe wametoka.

Hawa watu kwao ni Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, kule nilikokuwa nalinda geti mwaka jana. Baridi ya Riyadh ikianza wanapakia magari matatu wanahamia huku Jeddah, kwenye nyumba yao ya pwani, wanakaa mpaka baridi iishe. Wao wanasema huku ni joto. Mimi mtu wa Kilifi sisemi kitu, lakini mwaka huu upepo unaotoka baharini unakata. Chumba changu kimeshikana na ukuta wa nje karibu na mapipa ya taka. Mlango ni wa bati, chini umeliwa na chumvi, kwa hivyo baridi na harufu vinaingia pamoja. Nalala na koti na soksi, nikiamka koti lanuka. Wiki ile ilipopiga mvua, maji ya choo yalirudi juu yakafika hadi kwenye godoro. Niliyachota na bakuli nililokuwa nalia chakula. Baadaye nilinunua bakuli lingine, lakini kila nikitia uji naona yale maji.

Kazi ni ile ile kila siku. Asubuhi nafagia mchanga ulioletwa na upepo barazani. Mchana nawasha moto wa kuni kwenye sinia kubwa la chuma, wanakuja kuota. Baba, ndivyo tunavyomwita mwenye nyumba, anavaa joho zito lenye manyoya ndani, madam na blanketi, na nyama inachomwa. Kinachonishinda ni wakimaliza. Mbuzi mzima juu ya wali, ameliwa ubavu mmoja, na sigara zimezimwa ndani ya wali. Mimi ndiye nabeba kwenda pipani. Mafuta yameshaganda kwa baridi, meupe, yananishika mpaka viwikoni. Mama, mimi nilidhani nikifika huku nitakula nyama nishibe. Sasa hivi siwezi hata kuitazama. Nala mkate na chai.

Ndani ya nyumba anafanya kazi dada mmoja wa kwetu Kenya, anaitwa Mwende, Mkamba. Hapa wanamwita Siti, kwa sababu aliyekuwepo kabla yake aliitwa Siti, na madam hakutaka kujisumbua na jina jingine. Mwende ni mtu wa maneno. Akija kumwaga taka ananitania, ati, "Wewe Karisa, nyamaza tu hivyo, siku moja watakuhesabu pamoja na viti." Mikono yake imepasuka kwa dawa ya kusafishia na maji baridi. Akiifunga ngumi, damu inatoka.

Siku moja walikuja wageni. Kijana mkubwa wa madam, wa kama miaka kumi na sita, alikuwa anakula na mkono. Mwende akainama mbele yake kuokota glasi. Yule kijana akajifuta mkono wenye mafuta mgongoni mwa Mwende, vidole vyote vinne, kutoka begani hadi kiunoni, kama unavyofuta mkono kwenye kitambaa. Sanduku la tishu lilikuwa pale pale magotini mwake. Wageni wakacheka. Bibi mzee, mama yake Baba, alisema "aib", yaani aibu, kisha akaomba chai. Mwende alisimama na glasi zake, akaniangalia mimi niliyekuwa na makaa mkononi.

Na mimi nilicheka, Mama. Sijui kwa nini. Uso ulicheka wenyewe kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Ninakwambia hivi kwa sababu ukijua ya bwawa ujue na hii. Nimechoshwa na hawa watu, lakini siku hiyo nilijichukia mimi mwenyewe.

Sasa mkataba wa Mwende umeisha na amekataa kuongeza. Amemwambia madam halas, yaani basi. Hapo ndipo madam akakumbuka kwamba alishaiona picha ya Kadzo kwenye simu yangu, ile ya Krismasi amesimama karibu na jiko. Juzi akaniita mbele ya Baba na watoto. Akanipa mfuko, akaonyesha simu yangu, akaonyesha mwili wa Mwende, kumaanisha wako sawa kwa umbo. Akasema maneno mengi, mimi nikashika mawili tu, dada yako na visa. Na mimi nikaupokea ule mfuko kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikasema shukran.

Mama wewe unajua nilichofanya. Watu wakija kwetu na mfuko kwa ajili ya msichana, kaka yake akiupokea kwa mikono miwili mbele ya watu, maneno yameisha. Ulitufundisha hivyo. Mzee wetu aliukataa mfuko wa watu wa Bamba waliokuja kuposa kwa kuuacha tu chini pale ulipo, asiuguse. Mimi kwa haya zangu niliona kukataa kitu cha mkubwa ni kukosa adabu. Madam hajui desturi zetu, lakini mimi nazijua, na mikono yangu ilikuwa imeshasema ndiyo.

Mwende alikuwa mlangoni, akanifuata hadi chumbani. Hakucheka. Akasema, "Karisa, si umempeana sister yako hivyo tu, na heshima juu."

Nikafungua mfuko. Ndani mlikuwa na sare ya kazi, ya zambarau, imepigwa pasi vizuri, yanukia udi. Nilipoigeuza mgongo nikaviona vile vidole vinne. Ilikuwa sare ya Mwende. Ameifua akaifua, mafuta yamekwisha lakini alama imebaki, kama kivuli cha mkono. Nilitoka nje nikatapika karibu na mapipa.

Sikulala vizuri. Kesho yake Mwende akanifundisha maneno, niyarudie kama mtoto wa nasari. Baada ya sala ya alasiri madam alikuwa barazani na yule kijana. Nikaenda. Sikuweza kumtazama usoni. Nikaweka mfuko chini karibu na miguu yake, nikasema, "Madam, uhti mafi iji." Dada yangu haji.

Akauliza kwa nini. Mama, hapo maneno yote niliyofundishwa yakaniruka. Basi nikaitoa ile sare, nikaitandaza mbele yake mgongo ukiwa juu, nikaweka kidole changu kwenye alama. Madam akatazama. Yule kijana pia akatazama, na nimemwangalia vizuri, hakukumbuka chochote. Madam akafikiri kidogo, akasema kwa upole kabisa, "Jadid." Yaani atanunua mpya.

Sikukasirika. Nikasema mafi, yaani hakuna. Mara hii sauti ilitoka, mpaka mpishi wa nyumba ya jirani akageuka. Nikarudi kwenye moto wangu.

Jioni Baba akaniambia Ijumaa narudi Riyadh peke yangu, nikakae kwenye kibanda cha geti mpaka wao watakaporudi. Asubuhi huko maji ya ndoo yanauma kama moto, na kibanda hakina hita. Ndiyo adhabu yangu, na nimeikubali. Mapipa ya huko angalau yako mbali.

Mjomba atakasirika. Mwambie ni mimi nimekataa, si Kadzo. Nisalimie baba mdogo, na shangazi anayeuza mihogo, na wale mapacha wa jirani walionisindikiza hadi stendi. Mwambie pia fundi cherehani pale njia panda kwamba koti lake limenifaa.

Barua hii haikuja kwa posta. Huyu aliyewakabidhi ni Mwende mwenyewe, amepitia kwetu kabla ya kwenda kwao Kitui. Mama, mpe kiti cha mgongo na umpe chai ya moto, asioshe kikombe. Kadzo, ukifika hapa weka karatasi chini uitazame mikono yake. Halafu muulize unalotaka, atakujibu, yeye hana haya kama mimi. Na mwiteni kwa jina lake, kila mtu hapo nyumbani amwite. Miaka miwili mizima ni mimi tu niliyemwita Mwende, tena kwa sauti ya chini.

Mwanao,
Karisa